Kiriba cha manyoya

Wadau, leo manyoya ya kuku. Msicheke.

Historia ya miti Shinyanga inaanza na panga. Enzi za mkoloni Wasukuma walifyekeshwa pori ili kumaliza mbung'o, pamba ikafuata, nchi ikabaki kipara. Ndipo mwaka 1986 ikaja HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Ilianza na vitalu na kugawa miche, baadaye ikageukia ngitili, malisho yanayofungwa ili miti ichipue yenyewe. Kutoka hekta kama 600 zikafika zaidi ya 300,000. Mbinu ya wazee iliishinda miche!

Ila ngitili haiwezi kuota uani kwako, wala Geita ambako wachimbaji wadogo wanakata miti ya matimba ya mashimo yao. Huko kitalu bado kinahitajika, na kitalu ni viriba vyeusi vya plastiki. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, vifungashio vya kilimo vikasamehewa. Kiriba kikapona.

Sasa manyoya. Karibu yote ni keratini, protini yenye naitrojeni takriban asilimia 15. Marekani, watafiti wa Wizara ya Kilimo akiwemo Walter Schmidt waliyasaga wakatengeneza vyungu vya miche. Unapanda mche na chungu chake, kinaoza taratibu huku kikiulisha.

Samadi ya kuku tunaigombania. Manyoya tunatupa jalalani, halafu tunanunua plastiki. Fundi wa mashine za kusaga, upo hapo?