Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Msomaji, ukitaka kujua watawala walimwonaje mtawaliwa, usisome sheria zao tu. Tazama pia nyumba walizomjengea.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mji ulipokua, Wazungu walijitwalia vilima vya magharibi, nao Waafrika wakaelekezwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliishauri serikali itenganishe makazi kwa rangi, kwa hoja ya afya.

Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua apitaye njia, ambaye kwake ni shamba. Kwa hiyo alipojengewa nyumba, mara nyingi alipewa nafasi ya kitanda tu katika chumba cha wanaume, wala si makao ya mke na watoto. Hata kijiji cha Pangani, ambacho wenyeji walikijenga wenyewe, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za Manispaa.

Baadaye serikali ilihitaji wafanyakazi wa kudumu. Ndipo katika miaka ya 1940 ikajengwa Kaloleni, yenye nyumba za jamaa, viwanja vya majani na ukumbi. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1948 ilikusudia mitaa ya namna hiyo, kila mmoja na shule na maduka yake. Lakini mjenzi hawezi kuamuru yatakayosemwa ndani ya nyumba: ukumbi wa Kaloleni, uliokusudiwa burudani, ukawa baraza la siasa za uhuru.

Hata majina yalitumika. Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, viongozi Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliopinga Mau Mau, waliuawa. Serikali ikaipa mitaa mipya majina yao, ili kila mpangaji akumbushwe upande upi umeheshimiwa.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 ilianza kujengwa Buruburu, kwa wenye mishahara ya kuweza kulipia nyumba kidogo kidogo. Rangi haikuuliziwa tena, kipato kiliulizwa.

Siku hizi baadhi ya nyumba za kale zinabomolewa ili maghorofa yasimame. Basi, msomaji, uonapo ramani mpya, uliza kwanza: ni nani aliyeichora, na ni nani aliyemhesabu kuwa mwenyeji?