Visiwa Vilivyo Chini ya Maji: Ncha ya Ziwa Nyasa

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tukisikia neno kisiwa, fikra hutupeleka Pemba, Mafia au Lamu. Leo nataka nikueleze visiwa vya namna nyingine, vilivyozama majini huko Kyela, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Ukifika Matema utaona ufuo wa mchanga unakwisha ghafla. Mbele yako milima ya Livingstone inateremka mpaka majini kama ukuta, na tangu zamani aliyetaka kuendelea kuufuata ufuo ule ilimbidi apande mtumbwi. Hata vyungu wanavyofinyanga wanawake wa Kikisi huko Ikombe vilikwenda sokoni kwa mtumbwi. Nao mlima ukishaingia majini haukomi. Ziwa hili lina kina kinachofikia kama mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kumtosha samaki, kwa hiyo samaki wote wamesongamana juu.

Humo miambani wanaishi samaki wadogo, wa buluu, wa manjano na wa milia, ambao hawathubutu kuuacha mwamba wao. Kwao mchanga ulio kati ya mwamba na mwamba ni bahari. Basi kila mwamba umekuwa kisiwa, na samaki wa hapa si sawa na wa pale. Ziwa zima lina mamia ya aina zao, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Mama huyaatamia mayai yake kinywani, Subhanallah, na wengine hata watoto wakishaanguliwa huwarudisha humo wakiona hatari.

Milima ilipewa jina la Livingstone, na Mwingereza Elton alipita huko mwaka 1877. Livingstone mwenyewe hakufika ncha ile. Mwaka 1879 akaja kijana Thomson, baada ya mkuu wake Johnston kufa njiani huko Behobeho. Msafara wake uliongozwa na Chuma, Myao, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, na mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi walioandikwa Unguja. Watu wa kwetu, msomaji wangu! Lakini sijaona katika ramani kilima kilichopewa jina la mpagazi.

Sasa nije kwa mbasa, samaki mkubwa mwenye rangi ya fedha. Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji yao ziwani hapo Kyela. Wakati wa mvua mbasa huliacha ziwa akapanda mitoni kutaga mayai penye changarawe, na mlangoni mwa mto ndipo nyavu zinapomngoja. Changu akipungua kwetu bado yupo Kilwa. Mbasa hana ziwa la pili.

Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi kwa nini wanamtega hali wanajua ana mayai. Akanijibu, "Shehe, nisipomtega mimi leo, jirani atamtega kesho." Sikuwa na la kusema, kwani maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wavuta juya wa mtaani kwetu. Jioni ile tuliletewa mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela, mchele mzuri wenye harufu. Tulipompasua alikuwa amejaa mayai, nasi tukala.