Mkaidi wa Njia ya Tabora

Atakayelizuru tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ataonyeshwa alipokaa Livingstone mwaka 1872. Habari za Wanyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo ni chache zaidi. Mizigo yao ilipimwa kwa frasila. Hulka zao zilimalizwa kwa neno moja, mvivu au mkaidi.

Sithubutu kumbandika marehemu yeyote wa njia ile jina la usonji. Jina lenyewe ni la juzi: Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 huko Baltimore mwaka 1943. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi benki, akafariki mwaka 2023. Hata hivyo, tukitaja usonji leo bado tunamfikiria mtoto tu.

Unyamwezini, kama kwingineko nchini, salamu ni ndefu, nayo ni kipimo cha utu. Mtumishi asiyemtazama mtu machoni, anayelichukua fumbo kama lilivyotamkwa, anayevurugika ratiba ikigeuzwa ghafla, huambiwa ana kiburi. (Pengine ndiye pekee ofisini asiyekosea hesabu.) Si kila mtu wa namna hiyo ana usonji, hilo huamuliwa na mtaalamu. Lakini wapo waliofika miaka hamsini bila kuulizwa na yeyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, ilhali wakuu wengi wa idara wangali wanaandika “mkaidi” katika jalada, pale ambapo maelekezo ya maandishi na meza mbali na kelele yangetosha.