Mkono Ulipita Wapi? Historia Fupi ya Kuchora kwa Kidole, Kutoka Hapa Matungu

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, halafu historia itafuata.

Desemba iliyopita senje alituletea mtoto wake wa gredi ya kwanza akae nasi wakati wa likizo, hapa nyumbani upande wa Koyonzo. Mimi nilikuwa nimemaliza programu yangu ya simu ya kufundisha watoto kuandika herufi kwa kidole. Nilikuwa najivunia sana, si unajua vile mtu huwa akimaliza kitu chake cha kwanza. Nikampa mtoto simu ya zamani ya mama, ile yenye kioo kilichopasuka kona, nikamwambia, "Andika s."

Akaandika. Mimi nilikuwa namwangalia kidole, na kilizunguka vizuri kabisa. Lakini kwenye kioo ikatokea kitu chenye kona tano, kama njia ya trekta inayokata katikati ya shamba la miwa. Akarudia. Kona tena. Akanirudishia simu akasema, "Hii simu yako haijui kuandika." Kukhu, aliyekuwa anachambua mboga pale mlangoni, alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Nililaumu simu. Kila mtu huku hulaumu simu, kwa sababu simu zetu ni za bei ya chini na nyingi zimepitia mikono mitatu kabla ya kutufikia. Lakini simu haikuwa na makosa. Kosa lilikuwa langu. Tena halikuwa langu peke yangu, kwa sababu lina historia ndefu kuliko umri wangu.

Sasa sikiliza. Ukiweka kidole kwenye kioo cha Android, mfumo unaiambia programu yako mambo ya aina tatu: kidole kimeshuka, kidole kimesonga, kidole kimeinuka. Basi. Hakuna "mstari" popote. Kuna nukta tu, moja baada ya nyingine, na mstari ni wewe mwandishi wa programu unayeuunganisha. Simu nyingi husoma kidole mara 60 au zaidi kwa sekunde. Simu ikiwa na kazi nyingi, mfumo hauipi programu kila nukta ilivyokuja. Huzikusanya, unakukabidhi ile ya mwisho mbele, na zile za kati unaziweka nyuma yake kwa kifurushi. Ukizitaka lazima uziombe kwa jina, na jina la ombi lenyewe ni getHistoricalX na mwenzake getHistoricalY. Yaani historia! Imeandikwa ndani ya msimbo kabisa.

Mimi sikuziomba. Nilichukua nukta ya mwisho tu kila mara, nikapiga mstari kutoka ile ya awali. Kwa simu yenye nguvu huwezi kuona tofauti, maana vifurushi ni vidogo. Kwa simu ya mama, ambayo inapumua kwa shida, kifurushi kimoja kinabeba nukta kadhaa, na mimi nilikuwa nazitupa zote. Mkono wa mtoto ulipita pale. Simu iliuona. Mimi ndiye niliyeufuta.

Nilitoa wapi hiyo tabia? Kutoka kwa mfano ambao nusu ya dunia imeunakili. Google walipotoa Android waliambatanisha mifano ya msimbo, na mmoja unaitwa FingerPaint. Juu ya faili yake mwaka ulioandikwa ni 2007. Ni mfupi na mzuri: ukisogeza kidole chini ya nukta 4 haujali, ukizidi hapo unachora mkunjo unaopitia katikati ya nukta ya jana na ya leo, ndiyo maana laini zake zinaonekana laini. Lakini zile nukta za nyuma hauziulizi. Ulikuwa mfano wa kuonyesha rangi tu, haukuandikwa kufundisha mtoto. Halafu kila somo la mtandaoni likaunakili, na mimi nikanakili somo. Kampuni ya Square ya Marekani, ambayo ilitaka wateja wasaini kwa kidole, iligundua tatizo hilohilo na wahandisi wake wakaeleza wazi suluhisho. Maelezo yapo miaka mingi sasa. Ni vile sisi husoma somo la kwanza tunalolipata na bando linaisha.

Nilipoanza kufuatilia nikarudi nyuma zaidi, na hapa ndipo mambo yaliponinogea.

Mtu wa kwanza tunayetajiwa kila mara ni Ivan Sutherland. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, alimaliza tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilitumia kompyuta ya TX-2, mashine kubwa ya kujaza chumba. Hakutumia kidole, alitumia kalamu ya mwanga inayoelekezwa kwenye kioo. Kompyuta ilichora alama ya msalaba chini ya kalamu na kuifuata ilikoenda. Ukivuta kalamu ghafla sana, msalaba unapotea. Sasa angalia ujanja: Sutherland hakuona hilo kuwa balaa. Alilifanya kuwa namna ya kumaliza mstari, unatikisa kalamu haraka na kompyuta inajua umemaliza. Mashine yake ilikuwa dhaifu kuliko simu ya mama mara nyingi mno, na udhaifu wenyewe akaufanyia kazi.

Lakini kitu kikubwa cha Sketchpad kwangu ni hiki: haikuhifadhi picha. Ilihifadhi mistari na uhusiano wake, kwamba huu unagusana na ule, kwamba hii miwili iwe sambamba. Ungeweza kurudi ukauliza mchoro ulivyojengwa.

Kugusa kwa kidole kulikuja kando kabisa, na hakukuwa kwa ajili ya kuchora. E. A. Johnson wa Uingereza aliandika mwaka 1965 kuhusu kioo kinachohisi kidole, akifikiria waongoza ndege. Mwaka 1972 Bent Stumpe, akiwa CERN kule Geneva, alianza kutengeneza kioo cha kugusa kwa ajili ya chumba cha kuendesha mtambo mkubwa wa chembechembe, na kikatumika. Kilikuwa na vitufe 16 vilivyokaa mahali pamoja. Ungeweza kubonyeza, lakini kuandika s ungesahau.

Halafu mwaka 1984 ikaja MacPaint ya Bill Atkinson, iliyokuja na Macintosh. Sisemi vibaya juu yake, iliwafanya watu wa kawaida wapende kuchora kwenye kompyuta. Lakini yenyewe ilihifadhi vidoti. Ukishachora, mkono umeondoka, kumebaki rangi kwenye karatasi. MacDraw iliyofuata ilirudi kwenye mistari inayokumbukwa. Kwa hiyo tangu zamani kuna koo mbili: wanaoweka picha na wanaoweka safari ya mkono. Na sisi tunaoandika programu ndogo za simu tumeangukia ukoo wa picha bila hata kuulizwa.

Huku kwetu kioo cha kugusa kilikuja kwa mlango mwingine. Wengi wa rika la kaka zangu walianza na simu za Mchina zenye kijiti kidogo kinachochomolewa pembeni. Zile zilihisi msukumo, hata ukucha ulifanya kazi. Nyingi zilikuwa feki na zilizimwa baada ya tarehe 30 Septemba 2012, serikali ilipofungia simu bandia mtandao. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ilikuwa imeingia Huawei IDEOS, Android ndogo ya karibu dola 80, na watu wengi Kenya waligusa Android kwa mara ya kwanza hapo. Kioo cha namna hiyo hakitaki msukumo, kinataka ngozi. Jaribu kukitumia ukiwa umetoka kutafuna muwa, na vidole vimeloa, ndipo utanielewa.

Mimi binafsi nilianzia kwa App Inventor, kwenye saiba moja Mumias. Hii ilizaliwa Google mwaka 2010 chini ya Hal Abelson kisha ikahamia MIT, chuo kilekile cha Sutherland. Somo lake moja la mwanzo linaitwa PaintPot: unaburuta vipande kama vya kuchezea, na unapata programu ya kuchora kwa kidole. Ukiburuta kidole unapewa nukta ya awali na nukta ya sasa, unaunganisha. Siku mstari wangu wa kwanza ulipotokea nililipia nusu saa nyingine na sikuwa na nauli ya boda ya kurudi. Nilitembea. Sijuti.

Turudi kwa kukhu. Baada ya kucheka aliniambia kitu ambacho kimebadilisha programu yangu kuliko vitabu vyote. Wao walijifunza herufi kwenye vumbi, kwa kidole, chini ya mti. Mwalimu alikuwa anasimama nyuma ya mtoto na hakuangalia herufi sana, aliangalia mkono. "Ukianzia chini anakugusa bega," alisema. Herufi ilikuwa inafutwa kwa kiganja baada ya sekunde, hakuna aliyeihitaji. Kilichohitajika ni mwalimu kuona ulivyopita.

Mtoto wa senje aliandika b yangu vizuri siku ya pili, baada ya mimi kurekebisha. Ukiangalia picha ungempa alama zote. Lakini alianzia duara, akazunguka kinyume, halafu akapiga mguu kutoka chini kwenda juu. Mtoto anayeandika hivyo leo ndiye anayechanganya b na d kesho, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani hataona hata siku moja, ataona daftari tu. Simu ingeona! Simu ina kila nukta na saa yake. Ni sisi tunaoitupa na kubaki na picha.

Na usiniambie ni gharama. Piga hesabu nami. Mtoto anachukua sekunde 3 kuandika herufi moja, nukta 60 kwa sekunde, hizo ni 180. Kila nukta ni namba tatu: kulia-kushoto, juu-chini, na wakati. Kila namba ukiipa baiti 4, jumla ni baiti 2,160. Picha nzima ya kioo cha 720 kwa 1,280 kabla ya kubanwa ni zaidi ya baiti milioni 3.6. Ukiibana inapungua sana, sikatai, lakini hata ikipungua bado haikuambii mtoto alianzia wapi.

Kuna mahali wazo hili lilijaribiwa kwa Kiswahili, na si mbali. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti za Pixel C kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Walioshindana walitakiwa kutengeneza programu ambayo mtoto angejifunza nayo kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 walioshinda walitangazwa, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Msimbo wa wote watano waliofika fainali uliwekwa wazi, mtu yeyote aupakue. Mtu yeyote, pamoja na wewe uliye Mayoni au Khalaba na simu iliyopasuka.

Kenya nasi tulikuwa na nafasi yetu. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza. Zikageuka tableti, na kuanzia 2016 zaidi ya milioni moja zilisambazwa katika shule za msingi, zikiunganishwa na JKUAT na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na washirika wao wa nje. Kwa shule niliyosomea mdogo wangu zilifika. Nilienda mwaka juzi kuomba niijaribu programu yangu kwa moja. Mwalimu alinipokea vizuri, akanipeleka stoo, akafungua kufuli mbili na mlango wa chuma. Zilikuwa zimepangwa vizuri, na vumbi juu. Chaji zilikuwa zimekufa. Aliniambia zikipotea analipa yeye, kwa hiyo haziguswi. Siwezi kumlaumu, ningekuwa mimi pia ningezifungia. Lakini nilisimama pale nikafikiria vioo vyote hivyo, vilivyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuguswa.

Programu yangu sasa inaomba nukta zote za nyuma. Nilirekebisha pia kosa lingine, ambapo mtoto akilaza kiganja mstari unaruka kutoka kidoleni hadi kwenye kiganja. Android hukipa kila kidole kitambulisho chake, mimi nilikuwa nafuata tu wa kwanza kwenye foleni, na foleni hubadilika mmoja akiinuka. Na nimeongeza kitufe kimoja: ukikibonyeza, herufi inajichora upya polepole, vile mkono ulivyopita, na inaposimama unajua mtoto alisita hapo.

Jumapili senje alikuja kumchukua mtoto. Nikamwonyesha b ya siku ya pili ikijichora. Akaangalia mara moja, akaangalia mara ya pili, akachukua simu mkononi mwangu. "Kumbe anaanzia huku," alisema. Kisha akamwita mtoto, wakaketi chini pale mlangoni kwa kukhu, na akamshika kidole.