Shanga Nyekundu: Mchezo wa Deming katika Ufundishaji wa Takwimu

Mwanafunzi anayeanza somo la takwimu hukariri upesi fasili za wastani, sampuli na mtawanyiko, na huzisahau upesi vilevile. William Edwards Deming, mwanatakwimu wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1900 na 1993, alikuwa na njia yake ya kuzirudia fasili hizo: sanduku la shanga, kibao, na watu wachache walioitwa kutoka miongoni mwa wasikilizaji. Aliueleza mchezo huo katika kitabu chake Out of the Crisis cha mwaka 1986, na tena katika The New Economics cha mwaka 1993.

Sanduku huwa na shanga zipatazo 4,000. Katika kila tano, nne ni nyeupe na moja ni nyekundu. Watu 6 hufanywa wafanyakazi wa kiwanda, wengine huwa wakaguzi, na mmoja huwa karani. Deming mwenyewe alishika nafasi ya msimamizi, yule ambaye migodini Katanga aliitwa kapita. Kila mfanyakazi hutumbukiza sandukuni kibao chenye vishimo 50, kisha hukitoa kikiwa kimejaa: hiyo ndiyo kazi yake ya siku. Mnunuzi hataki shanga nyekundu. Aliyetoa nyekundu 5 husifiwa mbele ya wenzake. Aliyetoa 15 hukaripiwa, ingawa wote wawili wamefuata amri zilezile kwa kibao kilekile. Siku ya pili hesabu hugeuka, na yule aliyesifiwa huambiwa kwamba sifa zimemlevya. Baada ya siku ya nne wafanyakazi watatu hufukuzwa. Watatu waliobaki, walio “bora”, hufanya kazi maradufu, na shanga nyekundu hazipungui.

Wasikilizaji hucheka, kisha hesabu huanza. Ikiwa moja ya tano ya shanga ni nyekundu, kibao cha vishimo 50 hutarajiwa kutoa 10. Mchepuko sanifu ni 2.8 hivi, ukichukuliwa mara tatu juu na chini ya wastani, kama alivyofundisha Walter Shewhart, aliyebuni chati ya udhibiti mwaka 1924, mipaka huangukia karibu na 2 na 18. Basi 5 na 15 zote zimo ndani. Tofauti iliyompa mmoja sifa na kumnyima mwingine riziki imetoka sandukuni, si mikononi mwao. Mwalimu anayewapanga wanafunzi 60 kwa mtihani mmoja, kisha akamwona wa 20 kuwa hodari kuliko wa 25, angefaa kushika kibao hicho walau mara moja.

Hata hivyo mchezo una upungufu. Humo juhudi ya mfanyakazi haina nafasi yoyote, jambo ambalo ni nadra katika kazi halisi. Na ikiwa hesabu itaruka nje ya mipaka, ni lazima sababu yake itafutwe.

Sehemu yenye mafunzo zaidi huja mwishoni, nayo ndiyo husahauliwa na wengi wanaouiga mchezo huu. Deming aliwauliza wasikilizaji: mchezo ukiendelea siku nyingi, wastani utakaribia namba gani? Walijibu 10. Jibu hilo si sahihi. Kibao chake cha kwanza, alichofundishia miaka 30, kilikuwa na wastani wa 11.3, cha pili kilitoa 9.6. Rangi nyekundu na nyeupe hazitengenezwi kwa kemikali moja, na shanga zake hazitelezi sawasawa. Ile moja ya tano ingekuwa mwongozo wa haki kama kila ushanga ungepewa namba na kuteuliwa kwa jedwali la namba za nasibu. Kibao huchota tu, na kila kibao huchota kwa namna yake.