Ua na Fundo

Mara nyingi husemwa ya kuwa wazee wa Masasi na Newala hawakuwa na maandishi yoyote hata misheni ilipoleta herufi. Sisi walimu nasi tumelisema neno hilo mbele ya watoto, na leo twataka kulipima tena.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa nyumba ya makumbusho ya Leipzig katika Ujerumani, alizuru Masasi, kisha akapanda uwanda wa Wamakonde akakaa Newala. Katika safari hiyo alionyeshwa kamba ya gome la mti yenye mafundo 11. Mume aliyetaka kusafiri alimwachia mkewe kamba kama hiyo, akimweleza: fundo hili la kwanza ni leo, siku ya kutoka, hili la tano, nitafika, la sita nitakaa, la saba nitashika njia ya kurudi. Kila siku fungua moja, na siku ya kumi unipikie, maana ya kumi na moja nitakuwa nyumbani. Kwa mafundo vile vile walihesabu miezi ya mimba.

Barua gani ingalisema zaidi? Ila barua hiyo ilisomwa kwa kufunguliwa, na ilipokwisha kusomwa haikuwapo tena.

Mbali na hapa, katika Meksiko, watu wa lugha ya Kinahuatl waliandika kwa picha. Tutazame ua tu, waliloliita xochitl. Walikuwa na siku 20 zenye majina, kila moja na alama yake, na ua lilikuwa alama ya siku ya mwisho. Lakini maua yakichorwa juu ya shamba, hayakuwa siku tena: yalikuwa jina la mji, Xochimilco, maana yake penye mashamba ya maua. Tena, maneno yalichorwa kama moshi uliojikunja ukitoka kinywani. Moshi huo ukipambwa kwa maua, basi mtu huyo haneni, anaimba. Mgeni angaliona maua tu. Mwenyeji alisoma siku, mji na wimbo. Ndivyo lilivyokuwa fundo la Wamakonde, hapa siku, pale mwezi, kwa mapatano ya waliolifunga.

Wahispania waliuteka mji mkuu wa Meksiko mwaka 1521, na vitabu vingi vya picha vikachomwa moto. Kamba za Newala hazikuchomwa na mtu. Zilifunguliwa fundo moja moja hata mume akarudi, na habari zake twazipata katika kitabu alichokitoa Weule mwaka 1908.