Kirutubishi si Mbolea

Kwenye duka la pembejeo mkulima huulizia "ya kupandia" au "ya kukuzia", naye muuzaji huelewa mara moja: ya kwanza ni DAP, ya pili ni CAN au urea. Neno kirutubishi halitajwi. Limebaki kwa mabwana shamba na katika vitabu vya kilimo, na hata huko huchanganywa na mengine mawili, mbolea na chakula cha mmea.

Chakula cha mmea ni sukari, nao hujitengenezea wenyewe majanini kwa mwanga wa jua, maji na hewa ukaa. Mbolea ni kile kinachotiwa shambani: samadi, mboji, urea. Kirutubishi ni elementi ambayo mmea ukiikosa hauwezi kukua, kuchanua na kuzaa mbegu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni, na hizo ndizo anazozilipia mkulima. Kilichobaki ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, ambazo mmea huzipata hewani na majini bila gharama. DAP ina mtego wake. Namba 18-46-0 zilizoandikwa mfukoni humfanya mtu adhani kuna asilimia 46 ya fosforasi, kumbe kiasi hicho hupimwa kwa oksidi yake. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20.

Neno limetokana na rutuba, ambayo kwa Kiarabu ni unyevu na kwa Waswahili imekuwa nguvu ya udongo. Maana hizo mbili hukutana kwenye mzizi, kwa sababu mzizi hufyonza madini yaliyokwisha kuyeyuka katika maji. Ndiyo maana samadi haiingii mmeani ikiwa samadi. Bakteria huivunjavunja kwanza mpaka naitrojeni yake iwe amonia na hatimaye nitrati, na hapo mmea hauulizi kama nitrati hiyo imetoka zizini au kiwandani. (Samadi ina sifa nyingine, kama kuufanya udongo ushike maji, lakini hiyo ni kazi ya mbolea, si ya kirutubishi.)

Kufyonza nako si kunywa tu. Seli za mizizi hutumia nishati kusukuma nje ioni za haidrojeni, na tofauti ya chaji inayozuka huvuta potasiamu ndani kupitia vijia maalumu, huku nitrati ikibebwa na protini za kazi hiyo. Ndani zaidi kuna ukanda wa Caspary, utepe usiopitisha maji, unaolazimisha kila kilichoyeyuka kipite ndani ya seli hai kabla ya kupanda juu.

Fosforasi ndiyo yenye usumbufu. Haisafiri udongoni ila kwa umbali mdogo sana, na katika udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini. Muhogo, wenye mizizi michache na minene, ungeshindwa kabisa kama si kuvu waitwao mikoriza, ambao nyuzi zao hufika mzizi usikofika. Kuvu huleta fosforasi, muhogo hulipa sukari.

Hata hivyo mzizi si mlinzi kamili. Huingiza pia sodiamu, alumini na vingine visivyohitajika, kwa hiyo kukuta elementi ndani ya jani si ushahidi kwamba ni kirutubishi. Mwaka 1939 Daniel Arnon na Perry Stout wa Chuo Kikuu cha California waliweka masharti matatu: bila elementi hiyo mmea usimalize mzunguko wa maisha yake, pengo lake lisizibwe na elementi nyingine, na kazi yake iwe ndani ya mmea wenyewe, si kurekebisha udongo tu. Silikoni, inayoweza kufikia asilimia 10 ya uzito mkavu wa mpunga na kuuimarisha dhidi ya magonjwa, haikuvuka kwa mimea mingi. Nikeli ilivuka mwaka 1987, kwa majaribio ya shayiri. Leo orodha ina elementi 17, na 14 kati yake ni madini.

Vitabu huyagawa madini hayo kuwa virutubishi vikuu na virutubishi vidogo, na hapo istilahi inapotosha. Udogo ni wa kiasi, si wa umuhimu. Molibdeni huhitajika kwa kiasi kisichoonekana, lakini bila yake vinundu vya kunde na maharage havinasi naitrojeni ya hewani. "Virutubishi vya kiasi kidogo" ni jina refu, ila ni la kweli. Kuhusu virutubisho na virutubishi, neno la pili linafaa zaidi: kiishio -i humtaja mtendaji, na virutubisho tayari ni jina la vidonge vya famasia.

Dalili za njaa hutegemea kama kirutubishi kinahamishika. Naitrojeni huhamishika, kwa hiyo mahindi yakipungukiwa huinyang'anya majani ya chini yakayapa machanga, na manjano huanzia kwenye ncha ya jani kuukuu likashuka katikati. Kalsiamu haihamishiki hivyo. Husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda, linalopoteza maji kidogo, hupata mabaki. Nyanya ikiota doa jeusi kitakoni, mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha, ila shamba limekaushwa siku kadhaa kisha likafurikishwa. Chokaa haitasaidia hapo. Linalohitajika ni ratiba ya umwagiliaji isiyorukaruka.